Unamfundishaje meneja mtarajiwa ajichunguze mwenyewe? Nimejaribu, nimeumbuka, nashea hapa

Mwalimu wa Jioni (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hatutagombana.

Mimi nafundisha kozi ya uongozi, darasa la jioni. Wanafunzi wangu karibu wote wako kazini, wengine ni masupavaiza tayari, wengine wanasubiri cheti tu wapandishwe. Kwenye mtaala kuna kipindi cha tunu binafsi za kiongozi, na kwa miaka kadhaa nimekifundisha kizembe, leo nakiri mbele yenu. Nawapa karatasi, nawaambia kila mtu aandike vitu vitano anavyovithamini, wawili watatu wanasoma kwa sauti, tunapiga makofi, kipindi kimeisha.

Muhula mmoja nikabeba zile karatasi nikaenda kuzisoma zote kwa mpigo. Aisee! Karatasi thelathini na ushee, utadhani kaandika mtu mmoja. Uadilifu, heshima, uwazi, uwajibikaji, ushirikiano. Hakuna hata mmoja aliyeandika "napenda kuogopwa", hakuna aliyeandika "mtu akinibishia kikaoni namwekea kinyongo mwaka mzima", hakuna aliyeandika "anayewahi kuondoka namwona mvivu hata kama kazi kamaliza". Na sote tuliowahi kuwa chini ya bosi tunajua ofisi inaendeshwa na hivyo vitu, zile tunu tano ziko ukutani tu zinapigwa na feni.

Wanaoikumbuka Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika Desemba 2001, tunu zao rasmi zilikuwa nne: heshima, uadilifu, mawasiliano, ubora. Walizichapisha kabisa. Huku nyuma mahesabu yanapikwa. Kwa hiyo mimi na makaratasi yangu tulikuwa tunafanya kilekile walichofanya wao, tofauti yetu ni bajeti.

Nikaanza kutafuta watu waliolihangaikia hili kabla yangu, nikakutana na jamaa wawili, Chris Argyris na Donald Schön, ambao mwaka 1974 walisema kitu kimenikaa hadi leo: kila mtu ana nadharia mbili, ile anayoisema ukimuuliza na ile anayoitumia akiwa kazini, na ya pili mwenyewe haijui. Sio kwamba anadanganya, haijui kweli. Kwa hiyo ukimuuliza "unathamini nini" anakupa ya kwanza kwa moyo mkunjufu, na wewe mwalimu unaondoka umeridhika. Ya pili lazima uichimbe kwenye kitu alichokifanya.

Na zoezi lao ni jepesi mpaka unaona aibu kuliita zoezi. Unachukua karatasi unaipiga mstari katikati. Upande wa kulia unaandika mazungumzo magumu uliyofanya na mtu kazini, neno kwa neno kadiri unavyokumbuka. Upande wa kushoto unaandika ulichokuwa unawaza wakati huo na hukukisema. Basi.

Nawapa mfano wa supavaiza mmoja (kaniruhusu, na nimebadilisha vitu ili asijulikane). Kulia kwake:

Yeye: Bosi, naomba ruhusa Ijumaa, kuna ishu ya nyumbani.
Mimi: Hakuna shida. Ripoti ya mwezi imefikia wapi?
Yeye: Iko vizuri, imebaki kidogo tu.
Mimi: Sawa, tutaona.

Kushoto:

Ijumaa tena. Huyu kila Ijumaa.
Ana kibarua kingine mahali.
"Imebaki kidogo" maana yake hajaanza.
Simpi. Ila sitaki kuonekana mbaya, ngoja nimwache aning'inie mpaka aghairi mwenyewe.

Akasoma darasani. Mwenzake mmoja akamuuliza kwa upole tu, hizo Ijumaa ni ngapi? Dada akasema nyingi. Ngapi? Akatoa simu, maombi yote ya ruhusa yanapitia kwake, akaanza kuperuzi. Kimya. Mbili. Tangu mwaka uanze, Ijumaa mbili, na mojawapo ni hiyohiyo tunayoijadili.

Halafu akageuza karatasi yake ya wiki iliyotangulia, ya vitu vitano. Namba moja kaandika UWAZI kwa herufi kubwa. Akacheka mwenyewe, halafu akanyamaza muda mrefu. Mimi sikusema neno, na kwa mwalimu kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kufundisha.

Sasa swali langu kwenu, hasa mliowahi kupitia mafunzo ya namna hii au kuyatoa. Hii kitu inafundishika kweli au nimepata bahati ya mtu mmoja mwenye moyo?

---

Mzee wa Hoja

Mwalimu nimesoma mpaka mwisho, hongera kwa kuandika vizuri, ila mimi siafiki. Maadili mtu anatoka nayo kwao. Samaki mkunje angali mbichi, huyo wa kwako ana miaka thelathini na mitano na watoto wawili unamkunja wapi, atavunjika. Dawa ni kuajiri watu wazuri toka mwanzo, hizi karatasi za mstari katikati ni kupotezeana muda. Nimekaa kwenye uongozi miaka mingi, aliye mwaminifu ni mwaminifu, mwizi ni mwizi.

---

Stafu wa Chini

Ngoja nikae hapa mbele kabisa, uzi huu unanihusu. "Tutaona" nimeambiwa mara ngapi jamani

---

Mwalimu wa Jioni

Mzee wa Hoja shikamoo, na asante kwa kuisoma yote. Ungekuwa sahihi kama tatizo lingekuwa wezi. Wezi wana polisi wao. Mimi nawaogopa zaidi watu wazuri waliotulia, na nitakupa kisa kimoja nakitumia darasani.

Kuna mtu anaitwa Dennis Gioia. Kamaliza shahada ya uzamili ya biashara, kijana wa kupinga vita ya Vietnam, anaamini anaenda kuyabadilisha makampuni makubwa kutokea ndani. Mwaka 1972 akaajiriwa Ford. Muda si mrefu akawa mratibu wa kurudisha magari yenye kasoro, yaani ndiye anayefungua mafaili, anayesoma ripoti za ajali, anayepeleka hoja kwenye kamati. Moja ya mafaili yaliyopita mezani kwake ni la Pinto, kile kigari kidogo ambacho kikigongwa nyuma hata kwa mwendo wa kawaida tangi la mafuta lilikuwa na hatari ya kupasuka likashika moto. Ripoti zikaja, chachechache. Gari lililoungua alikwenda akaliona kwa macho yake. Kamati ikapiga kura gari lisirudishwe, na yeye akapiga kura hiyohiyo. Akaondoka Ford mwaka 1975. Magari kama milioni moja na nusu yalikuja kuitwa yarudi mwaka 1978, wakati watu walishakufa.

Sasa sikia hapa mzee. Huyu bwana mwenyewe alikuwa anaendesha Pinto. Na alipoichoka akamuuzia nani? Dada yake wa damu. Mtu anayejua hatari na kuificha hawezi kumuuzia dada yake hilo gari. Kwa maana hiyo hakuwa anaificha, alikuwa haioni. Baadaye akawa profesa wa menejimenti, akawa anakifundisha kisa hicho darasani, na mwaka 1992 akakiandika chote bila kujitetea. Maelezo yake, kwa maneno yangu: kazini alikuwa na mafaili mengi mno, akajijengea mazoea ya kuchuja, faili likiwa na ajali nyingi na chanzo kinachoeleweka linapanda juu, likiwa na ajali chache zisizo na mpangilio linasubiri. Ripoti za Pinto hazikutimiza vigezo vya mchujo wake. Na hisia alishajifunza kuziacha mlangoni, kwa sababu ukilia kwa kila faili hutafanya kazi.

Huyo samaki alikunjwa vizuri sana kwao. Kilichomponza ni chujio alilolitengeneza mwenyewe akiwa kazini, halafu akasahau kwamba ni chujio, akadhani ndivyo dunia ilivyo.

---

Msomaji wa Usiku

Hapo kwa Gioia umenikumbusha ule utafiti wa Princeton uliochapishwa 1973 na Darley na Batson. Walichukua wanafunzi wa theolojia, yaani watu wanaosomea uchungaji, wazuri kuliko hao utawatoa wapi. Wakawaambia nenda jengo la pili ukatoe hotuba fupi. Nusu yao mada ilikuwa mfano wa Msamaria Mwema, tena unaandaa mahubiri ya kumsaidia mtu aliyelala njiani. Na njiani wakamweka mtu kajikunja anakohoa. Wengine waliambiwa wana muda, wengine kiasi, wengine "umeshachelewa kimbia". Wenye muda wakasimama kusaidia asilimia 63, wa katikati 45, waliochelewa 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana.

Kwa hiyo Mzee wa Hoja ukiniambia "ajiri watu wazuri" nakuuliza, halafu ukishawaajiri unawapa tageti gani na dedilaini ya lini?

---

Dada wa Rasilimali Watu

Nipite na mimi maana hii ndo mboga yangu. Mwalimu umeongelea tunu sana lakini mimi kwa uzoefu wangu tunu sio ngumu, ngumu ni DHANA. Tunu mtu ukimbana ataitaja hata kama ni ya uongo, dhana haitajiki maana yeye haioni kama ni dhana, anaiona ni "hali halisi". Ukisikia meneja anasema "mimi nawajua watu" au "hawa bila kuwasimamia hawafanyi" jua hapo kuna dhana imekaa kitini na viatu imevua.

Douglas McGregor wa chuo cha MIT Marekani aliliandika hili mwaka 1960, nadharia X (watu hawapendi kazi, bila kusukumwa hawafanyi) na nadharia Y (watu wakipewa nafasi wanajituma wenyewe) mnazijua, watu wengi wanazikariri kwa ajili ya mtihani kwamba X ni bosi mkali na Y ni bosi mpole, na hapo ndo wanapopotea kabisa. Yeye alikuwa anaongelea unachokiamini kuhusu binadamu kabla hujafungua mdomo. Na ubaya wa imani hiyo ni kwamba inajizalia ushahidi.

Nimeliona hivi hivi kwa macho. Idara mbili, jengo moja, mishahara ileile. Meneja wa kwanza anaamini watu ni wavivu, kaweka daftari la kusaini kuingia, kutoka, hata kwenda nje dakika kumi unasaini. Wiki ya tatu watu wanasaini saa kumi na moja kamili wamesimama foleni na mikoba begani tangu saa kumi na moja kasorobo. Bosi anatoka ofisini anaiona foleni, ananigeukia ananiambia "unaona? ningekuwa sijaweka daftari hawa wangeondoka saa nane". Jamani! Daftari ndo limetengeneza foleni! Idara ya pili hakuna daftari, kuna siku watu wanaondoka mapema kweli, na kuna siku nakuta taa zinawaka saa mbili usiku wanamalizia kazi hawajaambiwa na mtu.

Sasa yule wa daftari ukimpa karatasi yako ya tunu ataandika nini? UWAJIBIKAJI. Na atakuwa anamaanisha.

---

Fundi Mitambo

Dada dhana imevua viatu umeniua 😂😂

Ila mimi ni mtu wa mitambo nataka kitu cha kushika. Mnasema mtu achunguze dhana zake, sawa, anazishikaje? Mashine ikisumbua natafuta dalili, nafuata waya mpaka chanzo. Kichwani kwa mtu waya uko wapi?

---

Mwalimu wa Jioni

Fundi swali zuri sana na wewe umelijibu nusu. Argyris alikuwa na mfano wa kifundi kabisa, wa kidhibiti joto. Kile kidude kimewekwa nyuzi ishirini, joto likishuka kinawasha, likipanda kinazima, kinafanya kazi safi kabisa. Ila hakiwezi kujiuliza kwa nini ishirini? Nani kasema ishirini? Mameneja wengi wazuri ni hivyo vidude. Kosa likitokea wanalirekebisha haraka, na lile lile linarudi kwa sura nyingine, maana hakuna aliyegusa ile ishirini.

Na waya unaushika hivi, mimi natumia njia tatu, ila ya kwanza ndo ninayoiamini.

Ya kwanza ni mshtuko mdogo. Natafuta mahali mtu alipokasirika au kushangaa kuliko tukio lenyewe linavyostahili. Stafu kachelewa dakika tano na wewe umekasirika mpaka jioni, dakika tano haziwezi kukukasirisha mpaka jioni, kuna kitu kingine zimegonga. Nawaambia waandike sentensi inayoanza na "mtu yeyote anayejiheshimu lazima..." halafu wamalizie bila kufikiri. Mtu yeyote anayejiheshimu lazima afike kabla ya bosi. Mtu yeyote anayejiheshimu lazima ajibu imeli siku hiyohiyo. Haya, hapo ndo kwenye ishirini yako. Nani kaiweka? Mara nyingi ni bosi wake wa kwanza, au mzazi, au mwalimu fulani, na mara nyingi ilikuwa na maana kabisa huko ilikotoka. Hapo kuna mazungumzo ya masaa mawili na hayachoshi.

Ya pili ni kalenda. Fungua kalenda ya mwezi uliopita, hesabu masaa. Mwenye kusema anathamini watu wake aonyeshe saa alizokaa nao.

Ya tatu ni kuuliza: kama dhana yangu ni ya uongo, ningeona nini? Na je, nimewahi kuangalia upande huo? Yule dada wa Ijumaa alikuwa na ushahidi kwenye simu yake mwenyewe na hakuwahi kuufungua.

---

Stafu wa Chini

Mimi naomba niwe yule mtu mbaya wa uzi. Haya mambo yanapendeza mkiyaongea nyie mabosi na walimu. Sisi tulipelekwa semina siku mbili, mtoa mada mzuri kweli, akatuambia hapa ni sehemu salama, kila mtu afunguke udhaifu wake. Mkuu wa idara amekaa mlemle ukumbini anatikisa kichwa kwa huruma. Mwenzangu akafunguka kwamba huwa anapata presha akipewa kazi mbili kwa wakati mmoja. Miezi minne baadaye nafasi ya kupanda ikatoka, akanyimwa, kwenye maelezo kumeandikwa "hamudu kazi nyingi kwa wakati mmoja". Neno kwa neno karibu.

Tangu siku ile nikiambiwa nifunguke nafunguka kwamba udhaifu wangu ni kupenda kazi kupita kiasi.

---

Msomaji wa Usiku

Pole sana Stafu. Na ndo maana hii taaluma tangu izaliwe ina hilo tatizo la nani anaongelewa na nani yuko chumbani. Mwaka 1946 kule Connecticut, Marekani, mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake waliendesha warsha. Mchana washiriki wanajadili, usiku wataalamu wanakaa peke yao kuchambua nani alifanya nini. Baadhi ya washiriki wakaomba kuingia kusikiliza, wakaruhusiwa. Mtaalamu anasoma "leo mama fulani alifanya hivi kwa sababu hii", mama fulani mwenyewe amekaa pale anasema hapana, haikuwa hivyo! Vurugu. Lewin akaona hapo ndo kuna elimu kuliko mchana kutwa. Mwaka uliofuata wenzake wakaanzisha mafunzo ya vikundi kule Bethel, Maine kwa kufuata wazo hilo, yeye mwenyewe alishafariki mwezi Februari.

Ila cha kuzingatia, wale waliomba wenyewe kuingia. Haikuwa amri ya mkuu wa idara.

---

Mwalimu wa Jioni

Stafu, hilo la semina limenitoa jasho maana mimi mwenyewe nimewahi kukaribia kufanya hivyo. Kanuni zangu sasa: bosi na anayemwandikia tathmini hawakai darasa moja la zoezi hili, nikigundua nawatenganisha. Hakuna anayelazimishwa kusoma yake, anaweza kusoma ya jambo dogo akabaki na kubwa lake. Na tunachunguza uamuzi uliofanywa, hatuchunguzi jeraha la mtu. Mimi sio daktari wa nafsi, mtu akianza kulia nasimamisha, sichimbi.

Na ukweli mwingine, anayetakiwa kuvuliwa nguo kwanza ni mwenye madaraka. Ile semina yenu mkuu wa idara ndo alitakiwa aanze.

---

Mhasibu Mkimya

Huwa sichangii ila leo nauliza. Mwalimu, unasahihishaje hii kitu? Nilisoma kozi kama yako, tulikuwa na shajara ya kujitafakari, kila wiki ukurasa mmoja, ina alama ishirini. Niliandika zote usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Kila ukurasa nimeweka "mwanzoni nilikuwa naamini hivi, lakini sasa nimegundua vile". Nilipata kumi na nane. Sikugundua chochote.

---

Mwalimu wa Jioni

😂😂 Mhasibu hizo shajara nimesahihisha nyingi kuliko unavyodhani, na "sasa nimegundua" huwa naikuta mpaka kwenye usingizi. Ukiweka alama kwenye majuto watu watakuletea majuto. Ndo biashara ilivyo.

Siku hizi alama naweka kwenye ushahidi tu. Umeleta mazungumzo halisi? Umeonyesha dhana ni ipi kwa maneno yako? Umeenda kuipima kwa kitu gani? Ulikuta nini, hata kama umekuta dhana yako ilikuwa sahihi? Maana hilo linatokea, mtu anapima anakuta kumbe kweli yule jamaa hafanyi kazi. Sawa, kapima, apewe alama zake. Hakuna alama ya kubadilika.

Na kuna jambo lingine limeniuma, nalisema hapa maana umejiita Mkimya. Darasa moja liliniambia mwalimu na wewe ujaze yako. Nikajaza. Mazungumzo niliyochagua ni kati yangu na mwanafunzi mmoja aliyekuwa anakaa nyuma hasemi chochote. Kulia nimemwambia "ujitahidi kuchangia". Kushoto nimeandika "huyu hana hamu, katumwa na mwajiri wake". Wakaniuliza, umejuaje? Nikakosa jibu. Nikaenda kuangalia kazi zake za maandishi, mfululizo, ilikuwa mara ya kwanza nazisoma za mtu mmoja kwa pamoja. Alikuwa anazijibu hoja za wenzake za wiki iliyopita, kwa majina, moja baada ya nyingine. Ndiye aliyekuwa anasikiliza kuliko wote mle ndani. Na mimi muhula mzima nilikuwa namkata alama za ushiriki.

Mimi nilipanda kwa kuongea. Toka shuleni, mkono juu. Kwa hiyo kichwani kwangu anayeongea ndo anayefikiri, na nilikuwa nimeiweka hadi kwenye mfumo wa alama. Nyani haoni kundule, na akiwa na chaki mkononi ndo kabisa.

---

Mhasibu Mkimya

Nimekuelewa. Hapo umeniongelea mimi bila kunijua.

---

Mzee wa Hoja

Haya mwalimu, kwa Gioia umenishika nakubali, sikukijua hicho kisa. Ila nina wasiwasi mwingine. Mtu akianza kujichunguza kila dakika atafanya kazi saa ngapi? Nimewahi kuwa na naibu msomi wa mambo haya, ukimwambia amua anaanza "ngoja kwanza nijiulize ninakotokea". Mteja yuko mlangoni! Uongozi ni kuamua. Na waliofaulu sana darasani ndo wabaya zaidi, wanayajua maneno yote ya kujitafakari na hawageuki hata nukta.

---

Mwalimu wa Jioni

Mzee hapo mwisho umempiga ndege na jiwe la Argyris mwenyewe. Mwaka 1991 aliandika kuhusu washauri wa kampuni kubwa, wasomi watupu, akasema watu wa aina ile wamezoea kufaulu, hawajawahi kushindwa kwa hiyo hawajawahi kujifunza kutoka kwenye kushindwa, ukiwagusa tu wanalaumu mteja, wanalaumu meneja, wanalaumu kila kitu. Wanafunzi wangu wagumu kuliko wote ni wale wa alama za juu. Wananiletea karatasi ya kushoto iliyopigwa pasi, eti "nilikuwa nawaza namna bora ya kumsaidia mwenzangu". Ukimwona mtu upande wa kushoto na wa kulia vinafanana, ama ni mtakatifu ama bado hajaanza.

Kuhusu naibu wako nakubaliana na wewe, nimewaona. Kujichunguza hakufanyiki mlangoni kwa mteja. Amua, mhudumie, aende. Ijumaa jioni kaa nusu saa na karatasi, uamuzi mmoja tu wa wiki hiyo, sio yote. Gioia asingeweza kutilia shaka kila faili. Lakini kama kungekuwa na siku moja kwa mwezi ya kuuliza "chujio letu linaacha nini nje", na akaulizwa na mtu ambaye sio wa kamati ile... sijui, siwezi kusema wangeirudisha gari. Ningependa tu swali liwe limeulizwa.

---

Dada wa Rasilimali Watu

"Mtu ambaye sio wa kamati ile" pigieni mstari hapo. Peke yako huwezi, kinyozi hajinyoi. Yule dada wa Ijumaa asingehesabu kama mwenzake asingemuuliza "ngapi". Mimi nawapanga mameneja wapya wawili wawili kutoka idara tofauti ambao hawagombei cheo kimoja, kazi yao ni kuulizana swali hilo tu. Ngapi? Lini? Uliona au uliambiwa?

---

Fundi Mitambo

Ngapi, lini, uliona au uliambiwa. Hiyo nabandika karakana. Jana tu nimemfokea kijana kwamba "kila siku anapoteza spana". Leo nimeingia kwenye daftari la vifaa. Spana moja. Na iliandikwa imeazimwa na mimi.

---

Stafu wa Chini

😂😂😂 Fundi umeokoa jahazi

Mwalimu mimi nina swali moja tu na naondoka. Yule jamaa wa Ijumaa, alipewa ruhusa au hakupewa?

---

Mwalimu wa Jioni

Nilijua mtu ataniuliza. Ile Ijumaa ilishapita wakati tunafanya zoezi, hakupewa, aling'inia mpaka akaghairi kama ilivyopangwa. Ila dada aliniambia wiki iliyofuata alimwita ofisini, akamwambia lile neno "tutaona" halikuwa la kweli, nilishaamua kukunyima na sikukwambia, na nilidhani una kibarua kingine, nimeangalia nimekuta nilikosea. Ukiwa na shida ya Ijumaa niambie, nitakujibu ndiyo au hapana hapohapo.

Jamaa akamwangalia muda mrefu. Halafu akasema, "Sawa bosi. Kwani nimefanya kosa gani?"

---

Stafu wa Chini

Na mimi ningeuliza hivyohivyo. Halafu ningeenda kusafisha CV.